Mkataba uliomshinda mwanafalsafa

Walimu wetu na wanafunzi wao wanapolitaja jina la Bertrand Russell, aghalabu huwa wanazungumzia mantiki, hisabati au kampeni zake dhidi ya silaha za nyuklia. Wachache humtaja kama mume. Ilhali mtu huyu alioa mara nne, akaandika kitabu kuhusu ndoa kilichokuja kumkosesha kazi huko Marekani, na katika ndoa yake ya pili akafanya jambo ambalo wanafalsafa wengi hawalithubutu: aliichukua nadharia yake akaiingiza nyumbani, akaishi nayo mezani na chumbani, mpaka ilipomgeuka. Nataka kuisimulia habari hiyo kwa sababu swali alilojaribu kulijibu bado halijazikwa. Je, wapenzi waliofungana wawili peke yao huridhika zaidi kuliko wale waliokubaliana kwa hiari na kwa uwazi kwamba kila mmoja wao anaweza kuwa na mwingine?

Kabla sijaendelea, heri niondoe utata mmoja. Ndoa ninayoizungumzia si mitala tunayoijua. Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inaitambua mitala katika ndoa za kimila na za Kiislamu, na ruhusa hiyo ni ya mume pekee. Wasomaji watakumbuka jinsi wabunge wanawake walivyotoka bungeni mwezi Machi mwaka huo, wenzao wanaume walipokiondoa kifungu kilichompa mke aliyeko sauti katika uamuzi wa mume kuongeza mke mwingine. Mkataba wa Russell na mkewe Dora ulikuwa wa aina nyingine kabisa. Ruhusa ilikuwa ya pande zote mbili, ilitolewa mapema, na ilitolewa na watu wawili waliosoma wakasomeka. Kama kuna watu waliostahili kufaulu katika jaribio la namna hiyo, basi ni wao.

Bertrand Arthur William Russell alizaliwa tarehe 18 Mei 1872 huko Wales, katika ukoo mkubwa wa kikabaila. Babu yake, Lord John Russell, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili. Wazazi wake, waliojulikana kwa jina la cheo la Amberley, walikuwa na fikra zilizowatisha watu wa tabaka lao: walitetea haki ya wanawake kupiga kura, na hata upangaji uzazi, wakati ambapo kulitaja jambo hilo hadharani kulitosha kumwangusha mwanasiasa. Ndivyo ilivyompata baba yake, aliyeshindwa uchaguzini mwaka wa 1868 baada ya maoni yake kuvuma.

Katika nyumba yao aliishi mwalimu wa kifungua mimba wao, Frank. Mwalimu huyo, Douglas Spalding, alikuwa mtaalamu wa tabia za wanyama, na alikuwa akiugua kifua kikuu. Wenye nyumba wakatafakari hali yake kama watu wanaofumbua fumbo la mantiki. Kwa ajili ya maradhi yake, waliona haimfai kuzaa. Lakini pia waliona si haki aishi maisha yake yote bila mwanamke. Wakafikia uamuzi: mama wa nyumba, kwa ridhaa ya mumewe, awe akiishi na mwalimu huyo kama mkewe. Russell aliieleza habari hii katika kitabu cha maisha yake alipokuwa mzee, na akaongeza kwamba hakuujua ushahidi wowote wa mama yake kulifurahia jambo hilo. Mimi husita kila ninapoifikia sehemu hiyo. Mtoto wa watu hao wawili ndiye aliyekuja kuitetea ndoa huria, na ni yeye aliyetambua kwamba katika mpango wote ule, uliojaa huruma na busara, hapakuwa na dalili kwamba mwanamke aliupenda.

Mama alifariki mwaka wa 1874 kwa ugonjwa wa dondakoo, pamoja na dada yake Bertrand. Baba akamfuata mwezi Januari 1876. Katika wasia wake, alikuwa amewataja Spalding na rafiki mwingine, wote wawili wasioamini Mungu, kuwa walezi wa wanawe. Babu na bibi walikwenda mahakamani, wakautengua wasia huo, wakawachukua watoto. Msomaji na aliweke akilini jambo hili la watoto wa Russell kuamuliwa na mahakama, kwani litarudi.

Alilelewa na bibi yake katika nyumba kubwa iliyomo ndani ya bustani ya Richmond. Bibi huyo alikuwa mcha Mungu, mkali, na katika nyumba yake mambo ya mwili hayakutajwa. Mwaka wa 1890 Bertrand aliingia Trinity College, Cambridge. Mwezi Desemba 1894, jamaa zake wakipinga, alimwoa Alys Pearsall Smith, Mmarekani wa madhehebu ya Quaker. Ilikuwa ndoa ya mume mmoja na mke mmoja kama desturi inavyotaka, na kwa miaka michache walikuwa na furaha. Kisha, mwanzoni mwa karne ya ishirini, alipokuwa akiendesha baiskeli kijijini, Russell akatambua ghafla kwamba hampendi tena mkewe. Alipofika nyumbani hakuchelewa kumwambia. Waliendelea kuishi chini ya paa moja kwa miaka mingi, yeye akiandika pamoja na Alfred North Whitehead kile kitabu kikubwa cha mantiki ya hisabati, Principia Mathematica, kilichotoka katika mijalada mitatu kati ya 1910 na 1913, naye Alys akilia peke yake. Walitengana mwaka wa 1911. Alys hakuolewa tena, wala hakuacha kumpenda hadi alipokufa mwaka wa 1951.

Nimeitaja ndoa hiyo kwa makusudi. Watu wanaodhani kwamba huzuni za Russell zilianza alipoiacha ndoa ya wawili wangeitazama miaka ile tisa au kumi. Hapakuwa na mtu wa tatu katika nyumba ile, na hapakuwa na nyumba iliyopoa kuliko hiyo.

Mwaka wa 1911 alianza mapenzi na Lady Ottoline Morrell, mke wa mbunge Philip Morrell. Mume alijua. Hakumwacha mkewe, naye mke hakumwacha mumewe, na ndoa ya Morrell iliendelea hadi Ottoline alipofariki mwaka wa 1938. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza akakutana na Constance Malleson, mwigizaji wa jukwaani aliyejulikana kama Colette O'Niel. Huyu pia alikuwa na mume, naye mumewe alikubali, kwani wawili hao walikuwa wamekwisha kuafikiana kwamba ndoa yao haitawafunga. Ndoa hiyo ilivunjika baada ya vita. Kwa hiyo Russell, kabla hajaweka mkataba wa aina hii kwa niaba yake mwenyewe, alikuwa ameishi miaka mingi kama mgeni katika mikataba ya wengine, akifaidi ridhaa ya waume wawili.

Mkuki kwa nguruwe. Colette alipompenda mwanamume mwingine mwaka wa 1917, mtaalamu wa mantiki alishikwa na wivu uliomnyima usingizi, na yeye mwenyewe hakuuficha katika maandishi yake. Mwaka uliofuata alifungwa miezi sita katika gereza la Brixton kwa makala aliyoiandika kupinga vita. Huko gerezani aliandika kitabu cha hisabati kwa utulivu wa ajabu, ila kila alipomfikiria Colette na watu waliokuwa karibu naye, utulivu huo ulimtoroka. Naamini mtu angeweza kumwonya siku zile. Lakini Russell aliufikiria wivu kama alivyoufikiria ushirikina: kitu kilichorithiwa kutoka nyakati za giza, ambacho elimu nzuri na nia njema zingeweza kukiondoa.

Ndipo akaja Dora Black. Alizaliwa mwaka wa 1894, mwaka ule ule Russell alipomwoa Alys, kwa hiyo walipishana miaka 22. Alisoma Girton College, Cambridge, akapata daraja la kwanza katika lugha, na alikuwa na msimamo wake kuhusu ndoa kabla Russell hajaandika neno juu yake. Ni kosa la wengi kumwona Dora kama mwanafunzi aliyepotoshwa na mzee mwenye jina. Yeye ndiye aliyeikataa ndoa kabisa. Aliiona kuwa ni sheria ya kummilikisha mwanamume mwanamke na watoto wake, na alitaka kupenda na kuzaa bila muhuri wa serikali. Russell, aliyekaribia miaka hamsini na kutamani mtoto, ndiye aliyeitaka ndoa.

Mwaka wa 1920 kila mmoja alizuru Urusi ya Wabolsheviki kwa safari yake, wakarudi wakiwa na maoni yanayopingana: Dora amevutiwa, Russell amechukizwa. Mwaka huo huo wakaenda China pamoja, ambako Russell alialikwa kufundisha Peking. Mwezi Machi 1921 alishikwa na nimonia iliyomfikisha ukingoni mwa kaburi, na magazeti ya Japani yakatangaza kifo chake. Dora alimuuguza hadi akapona. Walirejea Uingereza mwezi Agosti Dora akiwa mjamzito. Talaka ya Alys ilipokamilika, wakafunga ndoa tarehe 27 Septemba 1921, na mtoto wao John akazaliwa tarehe 16 Novemba. Binti yao Katharine, waliyemwita Kate, alizaliwa mwezi Desemba 1923. Dora alikuwa amekubali ndoa kwa ajili ya mtoto, ili asinyimwe haki za ukoo. Ila yeye na mumewe walipatana kwamba muhuri huo haubadilishi kitu: kila mmoja angebaki huru, hapangekuwa na siri wala mashtaka ya usaliti.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, na mwandishi mwaminifu hana budi kulisema hilo. Mwaka wa 1922 walinunua nyumba huko Cornwall, karibu na bahari ya Porthcurno, wakaiita Carn Voel. Russell aliandika asubuhi na kucheza na wanawe pwani alasiri. Dora aliandika pia. Kitabu chake Hypatia, kilichotoka mwaka wa 1925, kilidai kwamba mwanamke ana haki ya elimu ya mwili wake na ya furaha ya mwili huo. Mwaka wa 1924 alishiriki kuanzisha kundi la kupigania wanawake wa tabaka la wafanyakazi wapate maarifa ya upangaji uzazi katika zahanati za umma, na mwaka huo huo akagombea ubunge wa Chelsea kwa tiketi ya chama cha Labour. Kila mmoja wao alikuwa na mapenzi ya pembeni ya hapa na pale, na kila mmoja aliyajua ya mwenzake. Nyumba ilisimama. Mtu ambaye angewahoji mwaka wa 1926 kuhusu kuridhika kwao angewapa alama za juu.

Mwezi Septemba 1927 walifungua shule yao wenyewe, Beacon Hill, katika nyumba waliyoikodi kwa Frank Russell huko Sussex. Hapa naomba walimu wanivumilie kidogo, kwani shule hiyo ina sehemu kubwa katika kisa hiki. Ilikuwa shule ya bweni kwa watoto wadogo. Hapakuwa na viboko, hapakuwa na mafunzo ya dini, na baraza la watoto lilikutana na kupiga kura kuhusu kanuni za shule. Wazo lilikuwa kuwalea watu wasiokuwa na hofu. Matatizo yalianza mara moja. Wazazi walioshindwa na watoto wao kwingineko waliwaleta huko, na Russell alikuja kukiri kwamba walipowaacha huru, wenye nguvu waliwatesa wanyonge. Ada hazikutosha. Ili kuziba pengo, Russell alisafiri Marekani kutoa mihadhara, mwaka wa 1927 na tena 1929 na 1931, akaandika vitabu kwa haraka ili viuzwe. Dora alibaki akiendesha shule. John na Kate walikuwa wanafunzi katika shule ya wazazi wao, na wazazi hao, kwa kuogopa kuonekana wanapendelea, waliwatendea sawa na wengine. Kate aliandika baadaye kwamba siku shule ilipofunguliwa, yeye na kaka yake walinyang'anywa baba na mama.

Mmoja wa vitabu vilivyoandikwa ili kulipia shule ndio huo uliomletea sifa na balaa: Marriage and Morals, cha mwaka wa 1929. Hoja yake ni rahisi kuieleza. Ndoa, alisema, ipo kwa ajili ya watoto zaidi ya kitu kingine. Wapenzi wasio na watoto wana haki ya kuishi na kuachana watakavyo, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu. Waliozaa wanapaswa kukaa pamoja kwa ajili ya watoto, lakini kukaa huko kusitegemee uaminifu wa mwili, bali upendo na ushirikiano. Kwa kuwa sasa inawezekana kuzuia mimba, mapenzi ya muda hayana sababu ya kuivunja nyumba. Wivu unaweza kutawaliwa. Sheria na dini zimeulisha wivu na kuunenepesha mpaka umeonekana kuwa ni fadhila.

Nimekisoma kitabu hicho zaidi ya mara moja, na hadi leo naona ni vigumu kukipinga ukurasa kwa ukurasa. Ila kilitoka katika mwaka mbaya kwa mwandishi wake. Dora alikuwa amempenda mwandishi wa habari Mmarekani, Griffin Barry, na haikuwa ya pembeni tena. Kwa maelezo ya Dora, Russell mwenyewe alikuwa amemwambia kwamba kwa kuwa hawezi kumpa watoto zaidi, basi asizuiwe kuwapata kwa mwingine. Dora alichukua mimba ya Barry, akamweleza mumewe bila kificho kama walivyoafikiana, naye akajibu kwa upole wa mwanafalsafa. Mtoto wa kike, Harriet, akazaliwa mwezi Julai 1930.

Upole huo haukudumu. Russell alikuja kuandika kwamba alijidai kuwa na uwezo wa kusamehe ambao hakuwa nao, na kwamba nadharia ilimpofusha asione kilichokuwa dhahiri kwa kila mtu mwingine. Naye hakuwa mpweke. Mwaka wa 1930 aliajiriwa kijana wa Oxford, Patricia Spence, aliyeitwa Peter na wote, kuwatunza watoto wakati wa likizo, na muda si muda akawa mpenzi wa Russell. Kwa kipindi kifupi nyumba ya Cornwall ilikuwa na watu wazima wanne, kila mmoja akijua yote, kila mmoja akijitahidi kuwa mstaarabu. Mwaka wa 1931 Frank alikufa, na Bertrand akarithi cheo cha ukoo. Naamini hapo ndipo suala la nani mwana wa nani lilipopata uzito ambao wawili hao hawakuwahi kuupima walipokuwa wakipatana. Dora akapata mtoto wa pili wa Barry mwaka wa 1932. Russell akaondoka na Peter.

Mkataba wao ulikuwa umeruhusu mapenzi, lakini haukusema lolote kuhusu mtoto wa nje kulelewa mezani kwa mume, kuhusu jina, kuhusu pesa, wala kuhusu siku ambayo pendo la pembeni lingekuwa pendo kuu. Labda walidhani nia njema ingeyajaza mapengo hayo. Halafu kuna sheria. Katika Uingereza ya wakati huo, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka wa 1937, sababu pekee ya talaka kwa kawaida ilikuwa uzinzi, na uzinzi uliosamehewa au kuruhusiwa na mwenzi ulikuwa kizuizi cha talaka. Yaani ukweli wao, ule uwazi waliojivunia kwa miaka kumi, ndio uliowafungia mlango wa kutokea. Kesi iliburuzwa hadi 1935, kwa uchungu mwingi na gharama kubwa. John na Kate waliwekwa chini ya ulinzi wa mahakama, kama alivyowekwa baba yao alipokuwa mtoto. Wakatolewa Beacon Hill, wakapelekwa shule nyingine.

Nani mwenye lawama? Wafuasi wa Russell humlaumu Dora kwa kuivuta ruhusa mpaka ikakatika. Wafuasi wa Dora humlaumu Russell kwa kuandika jambo na kutenda jingine. Mimi naona Dora alitenda yale waliyokubaliana, na aliyatenda mchana kweupe. Aliyebadilika ni Russell. Lakini kubadilika si hiana. Mtu anaweza kukubali kwa dhati jambo ambalo hajalionja, na siku anapolionja akagundua kwamba lililokubali ni kichwa peke yake. Kinachonisumbua ni kwamba Russell alipogundua hivyo, hakurudi kwa Dora kuyazungumza upya mapatano. Alitafuta mawakili. Kwa miaka iliyobaki hawakuwa na mazungumzo ya maana, na Dora ndiye aliyeachiwa shule iliyokuwa ikifilisika, akaiendesha peke yake, kutoka jengo hadi jengo, mpaka mwaka wa 1943.

Russell alimwoa Peter mwezi Januari 1936, wakapata mtoto, Conrad, mwaka wa 1937. Mwaka wa 1940 aliteuliwa kufundisha mantiki na hisabati katika City College ya New York. Mama mmoja wa Brooklyn akafungua kesi, akidai kwamba mwandishi wa kitabu kile hafai kuwa mwalimu wa vijana, na mwezi Machi Jaji McGeehan akautengua uteuzi huo. Hakuna aliyeonekana kufahamu kwamba mtu huyo aliyeogopwa kama mharibifu wa ndoa alikuwa wakati huo mume wa ndoa ya kawaida. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1950, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hata hivyo Peter alikuwa amekwisha kumwacha mwaka wa 1949, na mwaka wa 1952 wakatalikiana. Mwezi Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 80, alimwoa Edith Finch, Mmarekani aliyewahi kuwa mwalimu wa chuo. Hapo, kwa ushuhuda wake mwenyewe, ndipo alipoipata raha aliyoitafuta maisha yake yote. Hapakuwa na mkataba wa uhuru wala aliyeuhitaji. Alifariki Wales tarehe 2 Februari 1970, Edith akiwa pamoja naye.

Ni rahisi kuichukua ndoa hiyo ya nne na kuigeuza hukumu. Sifanyi hivyo. Ndoa ya Alys ilikuwa ya wawili ikafa, ya Peter ikafa, ya Edith ikastawi. Ya Morrell iliacha mlango wazi ikadumu maisha, ya Malleson ikavunjika. Ukizipanga ubaoni hazikupi kanuni. Russell mwenyewe alikiri uzeeni kwamba hajui tena anaamini nini kuhusu ndoa, kwani kila nadharia ya jumla ina pingamizi lisiloondoleka. Kwa mtu aliyejaribu kuijenga hisabati yote juu ya misingi ya mantiki, hilo si neno dogo.

Wataalamu wa siku hizi wamelichukua swali hilo kwa tarakimu. Mwaka wa 2025 jarida la kitaalamu la masuala ya jinsia lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 35 zenye watu zaidi ya 24,000, wengi wao wa Marekani na Ulaya, ukilinganisha wapenzi wa wawili tu na wale wenye mapatano ya uhuru. Haukuona tofauti ya maana katika kuridhika kwao, iwe ni kuridhika na uhusiano wenyewe au na mambo ya chumbani. Matokeo hayo yanastahili heshima, hasa na sisi tuliozoea kudhani kwamba jibu linajulikana. Lakini mwanafunzi makini atauliza ni nani aliyejibu maswali. Tafiti za namna hii huwahoji zaidi watu ambao bado wako pamoja na ambao wamejitolea kuhojiwa. Dora na Bertrand wa mwaka wa 1926 wangekuwamo. Wale wa 1933 wasingekuwamo. Wala Alys asingekuwamo. Na hakuna hojaji ya wapenzi inayomuuliza mtoto wa miaka minane.

Mtoto huyo alikua. Kate aliandika kitabu kuhusu baba yake, kilichotoka mwaka wa 1975, chenye upendo mwingi na maumivu yasiyofichwa. Alikuwa ameingia Ukristo, jambo lililomshangaza baba asiyeamini, mumewe akawa mchungaji, na wawili hao walifika hadi Uganda kama wamisionari. John, aliyetazamiwa kuwa fahari ya mbinu mpya za malezi, alipatwa na ugonjwa wa akili mwaka wa 1954. Sidai kwamba ndoa ya wazazi ndiyo iliyomuuguza. Hakuna daktari awezaye kulisema hilo, na wanaolisema wanaonea.

Na Dora? Hakujuta. Mijalada mitatu ya maisha yake, The Tamarisk Tree, aliyoianza kuitoa mwaka wa 1975, inautetea uhuru ule ule alioutaka akiwa msichana wa Girton, na inamlaumu Russell kwa kuuacha. Mwaka wa 1958, akiwa na miaka 64, aliongoza msafara wa wanawake wa kudai amani uliovuka Ulaya kwa magari. Baada ya hapo alirudi Carn Voel, nyumba waliyoinunua wakiwa wachanga katika mapenzi yao. Huko ndiko alikomtunza John katika ugonjwa wake, miaka nenda miaka rudi, na huko ndiko alikofia tarehe 31 Mei 1986, akiwa na umri wa miaka 92.